Kuamka usiku kwenda haja ndogo: Usisingizie uzee, pima kwanza



Ndugu msomaji, Allah (SW) ametutajia usingizi miongoni mwa neema alizowajaalia waja wake ili miili ipumzike. Thamani ya neema hii huonekana pale inapopungua. Wapo wengi katika nyumba zetu ambao usiku wao umekatwa vipande vipande. Mtu analala saa nne, saa sita yuko mlangoni anatafuta kandambili, saa nane tena, saa tisa na nusu tena. Alfajiri anaswali huku anasinzia, na mchana kazini au shambani hana nguvu.

Akiulizwa, jibu ni moja kati ya haya: "uzee huo", "baridi hiyo", au "nimechezewa". Huku Bulongwa, wilayani Makete, ninakofanya kazi ya utabibu, majibu haya nayasikia kila mwezi. Makala haya yana neno moja kubwa la kukuambia: kuamka usiku mara kwa mara kukojoa si ugonjwa wenyewe, bali ni dalili. Dalili hii ina milango kadhaa, na unaweza kuanza kuujua mlango wako kwa jagi, daftari na saa, kabla hujatumia hata shilingi moja.

Mara ngapi ndiyo nyingi?

Tunahesabu pale mtu anapokuwa amelala, mkojo ukamwamsha, akakojoa kisha akarudi kulala. Mtu mzima akiamka mara moja kwa usiku, kwa kawaida hakuna neno. Akiamka mara mbili au zaidi karibu kila usiku, na jambo hilo likamsumbua, anastahili kuchunguzwa.

Kibofu cha mtu mzima hubeba kiasi cha mililita 300 hadi 500. Usiku ubongo hutoa homoni inayoyaamuru mafigo yapunguze kutengeneza mkojo ili tulale. Ni kweli kwamba umri ukisogea homoni hiyo hupungua, na kibofu nacho hupoteza uwezo wa kustahamili. Kwa hiyo uzee una sehemu yake. Lakini mtu anayeamka mara nne au tano asikubali kuambiwa ni uzee tu mpaka mengine yawe yametazamwa.

Wengi hukosea kwa mambo matatu. La kwanza ni kuacha kunywa maji kutwa nzima. Mkojo huwa mzito, unakichokoza kibofu, choo kinakuwa kigumu, na kama chanzo ni kisukari mtu anaweza kukaukiwa maji hadi kuhatarisha maisha. La pili ni kununua dukani vidonge vya "kusafisha mkojo" bila kupimwa. La tatu ni kunyamaza kwa aibu. Hakuna aibu katika kuutafutia tiba mwili ambao ni amana.

Jagi, daftari na saa

Tafuta jagi la plastiki lenye alama za mililita. Kama huna, chukua chupa ya maji ya nusu lita, ikate mdomo, na uitie alama ya robo na nusu. Chombo hicho kitenge, kisitumike kwa kazi nyingine, na kioshwe kila mara.

Kwa siku tatu, kila unapokojoa andika saa na kiasi. Andika pia ulichokunywa na saa ulizolala na kuamka. Mkojo wa mwisho kabla ya kulala uhesabu ni wa mchana. Mkojo wa kwanza unapoamkia swala ya Alfajiri uhesabu ni wa usiku, kwa sababu ulitengenezwa ukiwa umelala. Kisha jumlisha, na uangalie hesabu yako inafanana na ipi kati ya hizi tatu.

Hesabu ya kwanza: mkojo ni mwingi mchana na usiku. Chukua uzito wako kwa kilo, zidisha kwa mililita 40. Mtu wa kilo 60 atapata mililita 2,400. Akikuta anatoa lita 4 kwa siku, mwili wake unamwaga maji kupita kiasi. Hapo cha kwanza kushukiwa ni kisukari, ingawa kunywa maji mengi mno kwa mazoea nako huweza kuleta hali hiyo.

Hesabu ya pili: jumla ni ya kawaida, lakini sehemu kubwa inatoka usiku. Mfano, mzee ametoa mililita 900 mchana na 700 usiku. Jumla ni 1,600, na ya usiku ni asilimia 44. Kwa mtu aliyepita miaka 65, sehemu ya usiku ikizidi theluthi moja, tunasema mkojo wake umehamia usiku. Kwa kijana kipimo ni mdogo zaidi, asilimia 20 tu. Hapa tunaangalia moyo, presha, miguu, chumvi, dawa na vinywaji vya jioni.

Hesabu ya tatu: mkojo si mwingi, bali unatoka kidogo kidogo. Mtu ameamka mara tano, kila mara mililita 90. Hapa tatizo liko kwenye kibofu au njia yake: maambukizi, tezi dume, kibofu chenye haraka, au usingizi uliovurugika kwa sababu nyingine.

Daftari hilo nenda nalo kwa tabibu. Litamwokoa yeye na wewe katika kubahatisha.

Sukari, na hofu ya kupima

Sukari ikizidi sana katika damu, mafigo hushindwa kuizuia, nayo hutoka na mkojo ikivuta maji. Ndiyo maana mgonjwa anakojoa sana, anapata kiu sana, na anapungua mwili ilhali anakula. Jambo hili si geni kwa wanavyuoni wetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kuhusu ugonjwa huu na utamu wa mkojo wa mwenye kuugua.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na takriban mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu. Si ugonjwa wa matajiri wa mjini.

Kwa mkoa wetu wa Njombe kuna kizuizi kingine. Utafiti wa Ukimwi wa 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea mkoani hapa wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini. Familia nyingi za Makete zimezika. Kwa hiyo mtu anayekonda na kuamka usiku kucha hujihukumu mwenyewe kuwa "tayari", akajificha asipimwe kitu chochote. Ndugu yangu, hofu hiyo inaua mara mbili. Kama ni sukari, tone moja la damu kidoleni linaonesha kwa dakika moja. Kabla ya kula, kiwango cha 7.0 au zaidi kikithibitishwa ni kisukari. Wakati wowote, 11.1 au zaidi pamoja na dalili hizo ni kisukari. Na kama ni VVU, dawa zipo na watu wanazitumia wakaishi, wakalea na wakaona wajukuu. Pima vyote viwili.

Miguu, moyo na chumvi

Mchana mtu akisimama dukani au akikaa garini kutoka Makambako hadi Makete, maji hushuka na kujaa miguuni. Akilala, maji yale hurudi kwenye damu, mafigo yakayatoa. Bonyeza mbele ya muundi wako jioni kwa kidole. Kukibaki shimo, una maji. Sababu inaweza kuwa moyo dhaifu, figo, ini, mishipa ya miguu, au dawa za presha kama amlodipini. Ikiwa pia unapumua kwa shida ukilala chali, nenda hospitali haraka.

Wakati unasubiri uchunguzi, jaribu kuinyanyua miguu juu ya mto baada ya Alasiri kwa saa moja, ili maji yatoke kabla ya kulala. Na kama unameza dawa ya kutoa maji kama frusemidi, muulize tabibu kuhusu saa ya kuimeza. Ikimezwa jioni itakuamsha usiku. Mara nyingi asubuhi au saa sita kabla ya kulala hufaa zaidi. Usiiache wala usibadilishe mwenyewe.

Usisahau chumvi. Watafiti wa Nagasaki, Japani, walieleza mwaka 2017 kwamba watu waliopunguza chumvi kutoka gramu 10.7 kwa siku hadi gramu 8.0 walipungukiwa na kuamka kutoka wastani wa mara 2.3 hadi mara 1.4 kwa usiku. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike hata gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Angalia basi chumvi ya kunyunyizia mezani, samaki wa chumvi, na vile vipande vya kuongezea ladha ya mchuzi.

Baba zetu na tezi dume

Tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu. Kwa wanaume wengi huanza kukua baada ya miaka 40 au 50. Dalili zake ni mkojo kuchelewa kuanza, kutoka kwa unyonge, kukatika, kudondoka mwishoni, na kuhisi hujamaliza. Kukua huku kwa kawaida si saratani, lakini saratani nayo ipo na huweza kufanana, hivyo uchunguzi ni lazima. Tabibu atapima kwa kidole kupitia haja kubwa. Ni jambo la dakika moja, na haja ya tiba inaliruhusu. Zipo dawa za kulegeza njia, na upo upasuaji.

Jihadharini pia na dawa za mafua mnazonunua dukani msimu wa baridi. Baadhi yake huweza kuifunga njia ya mkojo kwa mwenye tezi kubwa. Mkojo ukigoma kabisa na tumbo la chini likauma na kujaa, usisubiri asubuhi wala mitishamba. Hiyo ni dharura, mrija lazima uwekwe.

Akina mama na watoto

Mama mjamzito huamka mara nyingi zaidi, na hilo ni la kawaida. Lakini maumivu wakati wa kukojoa, homa au maumivu ya kiunoni yanataka kipimo cha mkojo siku hiyo hiyo. Katika kujitwahirisha, osha kutoka mbele kwenda nyuma, na wafundishe mabinti hivyo tangu wadogo. Kwa mama aliyezaa mara nyingi na sasa anashindwa kuuzuia mkojo, yapo mazoezi: bana misuli kama mtu anayezuia mkojo au upepo, hesabu mpaka tano, achia. Fanya mara kumi, kwa vipindi vitatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Na yule anayevuja mfululizo tangu uchungu wa muda mrefu, huenda ni fistula, na inatibika. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ni miongoni mwa zilizojitolea katika kazi hiyo, na mwaka 2009 ilianza kuwatumia akina mama nauli kwa njia ya simu.

Mtoto wa chini ya miaka mitano kukojoa kitandani si ugonjwa. Asichapwe wala kutangazwa. Lakini mtoto aliyekuwa ameshaacha, kisha akaanza tena, akawa na kiu kali na kukonda, mpelekeni apimwe sukari leo, si kesho. Kisukari cha watoto kikicheleweshwa huleta kutapika na kupoteza fahamu, na watu wakadhani ni malaria au mashetani.

Huenda kilichoharibika ni usingizi

Jiulize: je, mkojo ndio unaniamsha, au naamka kwanza halafu nakumbuka choo? Wengi huamshwa na maumivu ya mgongo, kikohozi, mawazo ya deni, au simu iliyo chini ya mto. Wakishaamka huenda kukojoa ili tu walale tena.

Chai ya rangi, kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa madereva vina kafeini. Hufukuza usingizi na kukichokoza kibofu, na baada ya saa tano hivi nusu yake bado iko mwilini. Viache baada ya Alasiri. Maji yako mengi yanywe asubuhi na mchana, na uyapunguze saa mbili au tatu kabla ya kulala. Mtume (SAW) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo yasiyo na haja baada yake. Anayelala mapema kwa wakati mmoja kila siku hupata usingizi mzito.

Na kama mwenzako anasema unakoroma kwa nguvu kisha unakata pumzi, mwambie tabibu. Pumzi ikikatika moyo huelemewa, nao huyaagiza mafigo yatoe maji.

Baridi, choo na moto

Ni kweli kwamba baridi inakojoza. Mishipa ya ngozi ikikaza, damu hurudi ndani ya mwili, na mafigo huona maji yamezidi. Mwezi Juni hadi Agosti huku kwetu, soksi, blanketi la kutosha na maji ya uvuguvugu ya kutawadhia ni tiba pia. Lakini usiingize jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imewachukua watu wengi wakiwa usingizini.

Hatari kubwa kwa wazee ni safari ya chooni yenyewe: giza, tope, kandambili zinazoteleza. Nyonga ikivunjika kwa mzee wa miaka 75, wengine hawainuki tena. Muwekeeni tochi, viatu vyenye mshiko, na chombo cha haja ndogo chenye mfuniko karibu na kitanda. Asiyekubali mwambieni kwamba imepokewa katika Abu Daud na Nasai kuwa Mtume (SAW) alikuwa na chombo cha mti chini ya kitanda chake alichokitumia usiku. Kimwagwe na kioshwe asubuhi mapema. Na mzee akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja ndipo asimame.

Twahara na swala

Tunaijua hadithi ya makaburi mawili, na onyo lake kwa asiyejihadhari na mkojo. Kujihadhari ni kusubiri mpaka umalize, kujisafisha vizuri na kukinga nguo. Si kujikamua kwa nguvu wala kurudi chooni mara kumi kwa wasiwasi.

Ambaye mkojo unamtoka bila kuweza kuuzuia, dini haikumfungia mlango. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, atajisafisha, ataweka kitambaa au pedi, atatawadha baada ya wakati wa swala kuingia, kisha ataswali bila kuchelewa, na atafanya hivyo kwa kila swala ya faradhi. Wanavyuoni waliipima hali hii na ile ya Fatima bint Abi Hubaysh (RA), aliyekuwa akitokwa na damu ya ugonjwa. Na katika usiku wa baridi kali Amr bin al-As (RA) alitayamamu kwa kuchelea nafsi yake, na Mtume (SAW) alipopata habari alicheka na hakumkemea. Mgonjwa anayeogopa maji ya baridi apashe maji kwanza. Akishindwa, amuulize sheikh wake.

Mwezi wa Ramadhani maji yote hunywewa baina ya futari na daku, hivyo kuongezeka kwa safari za usiku kunatarajiwa. Ila mwenye kisukari aonane na tabibu wiki kadhaa kabla ya mfungo, ajue kama afunge na dawa zake zipangweje.

La kufanya wiki hii

Andika siku tatu. Kisha nenda zahanati au hospitali na uombe vipimo vinne: sukari, mkojo, presha, na miguu yako itazamwe. Mwanaume aliyepita miaka 50 aongeze tezi dume. Usingoje siku tatu ukiona damu kwenye mkojo, homa pamoja na maumivu ya kiunoni, mkojo kugoma, kupumua kwa shida, au kiu kali pamoja na kukonda. Damu hiyo, kwa waliokulia Unguja, Pemba au kanda ya Ziwa, mara nyingi huwa kichocho, lakini kwa mtu mzima huweza pia kuwa saratani. Iangaliwe.

Na siku utakayojikuta uko macho saa tisa usiku ukiwa mzima wa afya, tawadha na uswali rakaa mbili. Lakini usiifanye ibada hiyo kuwa kisingizio cha kuuficha ugonjwa. Tiba tumeamrishwa kuitafuta, na shifaa iko kwa Allah.

Wabillahi tawfiq.